Mkwe Wangu Seni na Jimbo la Kigunga

Damu ya kwanza ya Jimbo la Kigunga ilimwagika kwa ajili ya kofia. Wala haikuwa kofia ya maana. Ni zile za kampeni ambazo ukizifua mara moja rangi yote inahamia kwenye shati. Zilikuwa zinarushwa kutoka juu ya gari. Scolastica muuza nyanya akaidaka moja, kijana mmoja akaidaka hiyohiyo, na kwa kuwa Scolastica si mtu wa kuachia kitu, yule kijana akamng'ata mkono mpaka damu ikachuruzika. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kigunga ni pale mji wa Mikumi unapochoka. Kuna viwanja vyenye mawe ya mipaka, misingi ya nyumba iliyoota majani, nyumba zenye bati zisizo na madirisha, gereji za malori kando ya lami. Halafu yanaanza mashamba ya mahindi, na mbele ya mashamba, maboma ya wafugaji. Sisi wenyeji tumetoka hapahapa na vijiji vya Kilosa. Mimi Mwamvua kwetu ni Chanzuru. Wafugaji wametoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wengine watoto wao wamezaliwa hapa na wanaongea Kiswahili kama sisi. Zamani tulikuwa kipande cha jimbo kubwa lililopanda mpaka milimani. Mbunge wetu tulimwona kwenye kalenda, tukamsema, tukalala. Hakuna aliyempiga mwenzake kwa ajili ya mtu wa kwenye kalenda.

Kisha wakatuambia tumekua, tunastahili jimbo letu. Wakalikata. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Hatukujua kwamba katika jimbo dogo kila kura ina sura. Unamwona jirani anateka maji unajua atamchagua nani, naye anajua wewe utamchagua nani, na ndoo yake anaiweka mbali na yako.

Wagombea wenye nguvu walikuwa wawili. Ditram, mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara, ndiye wenyeji tulimwita wetu. Amon, muuza dawa za mifugo, ndiye wafugaji walimwita wao. Jukwaani wote wawili waliongea habari za maji na zahanati, kwa adabu kabisa. Sumu ilipikwa kwenye vijiwe vya bodaboda na vilabu vya pombe. Kule wenyeji waliambiwa Amon akishinda ng'ombe watapitishwa katikati ya mahindi kwenda mtoni, na wafugaji wakaambiwa Ditram akishinda watapakiwa kwenye malori na ndama zao warudishwe walikotoka. Baada ya kofia, ng'ombe wanne walikutwa shambani wamekatwa mishipa ya miguu, wamelala wanalia. Kesho yake ghala la mahindi likaungua. Keshokutwa Hezekia, fundi mwashi, akapigwa fimbo ya kichwa iliyomtoa sikio. Kila aliyeumiza mwenzake alikuwa na sababu, na kila sababu ilianza na neno "wao."

Mimi "wao" wangu alikuwa mkwe wangu.

Binti yangu ni mmoja tu, Yusrah. Aliolewa na Seni, kijana mfugaji wa Zombo, na ndugu zangu walinisema mpaka wakachoka. Nilikubali kwa sababu kijana alikuwa mtulivu na mwanangu alikuwa amenenepa kwa furaha. Lakini mkwe mwenyewe, jamani! Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini kwao ni mambo mengine. Akiniona njiani anaingia shambani, anachutama katikati ya mahindi, amenipa ubavu, ndipo anasema, "Shikamoo mama." Namjibu marahaba nikiyatazama mahindi. Chakula changu anakula barazani baada ya mimi kuondoka. Nyumba hakuwahi kuingia. Wakati mwingine nilimtania kwa sauti nikiwa ndani, "Leo mahindi yamenisalimia!" nikamsikia anacheka kwa kuziba mdomo.

"Mama usimchezee," Yusrah aliniambia. "Kwao mwanamume akimtazama mama mkwe usoni ni fedheha. Akiingia chumbani kwake, ni sawasawa na amemvua nguo. Hawezi kurudi kwangu tena."

"Na nyumba ikiungua?"

"Ataungua barazani."

Tulicheka wote wawili.

Sasa huyo Seni ndiye wazee wao walimteua awe wakala wa Amon, akae ndani ya kituo cha kura pale shule ya msingi, nyuma ya nyumba yangu, aangalie kura zinavyohesabiwa. Na kiongozi wa vijana wa Ditram alikuwa Casmir, mtoto wa marehemu dada yangu wa Kidodi. Casmir alifanya kazi kwenye malori ya miwa mpaka akafukuzwa kwa ugomvi, akaja kwangu. Nilimlisha na nilimfulia. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo walikuwa na akili.

Mkesha wa uchaguzi Casmir alikula maandazi yangu, akafuta mdomo, akasema, "Mama mdogo, mwambie mkwe wako kesho akae nyumbani. Akikaa kituoni, harudi."

"Unamtishia mume wa dada yako?"

"Nakuarifu tu."

Nilikwenda mpaka kwa Seni, ng'ambo ya lami, kwa miguu. Aliponiona akajificha nyuma ya migomba, tukaongea hivyohivyo, mimi na majani.

"Seni baba, kesho usiende. Wamesema watakuua."

"Nimesikia mama. Lakini nimeshawakubalia wazee. Nikikimbia watasema nimewauza."

"Wakisema, watasema ukiwa hai!"

Migomba ikatikisika, nikamsikia anarudi zizini kwake. Niliondoka pale na hasira za kutosha kuvunja kuni kwa mikono mitupu.

Asubuhi ya kura ilikwenda vizuri hata nikaona nimejitia hofu bure. Uwanja wa shule ulijaa foleni, wazee wakapishwa mbele, wanawake wa kifugaji na wa kwetu wakapokezana watoto ili kila mmoja aingie. Yusrah alipiga kura yake akapanda bodaboda kwenda sokoni Mikumi kuuza mboga. Mimi nikawasha jiko barazani, nikaweka karai la mafuta, maana foleni ina njaa.

Saa kumi vituo vikafungwa, wakaanza kuhesabu. Hapo ndipo mtu mmoja aliposema kura za Ditram zinatupwa chooni. Nani alisema? Mpaka leo hajapatikana mwenye mdomo huo. Lakini neno lilizunguka uwanja mzima kabla sijageuza maandazi, na Casmir na wenzake wakauvunja mlango wa darasa kwa benchi. Kutoka barazani kwangu nilisikia vioo, nikasikia msimamizi akipiga kelele, "Hakuna kura iliyotupwa! Njooni mtazame!" Hakuna aliyetazama. Kiti cha mwanafunzi kilimshukia Seni mkononi, mfupa ukavunjika. Akaruka dirishani, akasimama nje na damu mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari la watu wa ziwa. Halipigwi kwa mchezo. Anayelisikia anaacha alichokishika, anachukua silaha, anakimbia kuelekea linakotoka. Hakuna anayeuliza kwanza kuna nini, na asiyekwenda anatengwa, hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Haya mimi niliyajua kwa sababu binti yangu kaolewa huko. Wenzangu wenyeji, pamoja na miaka yote tuliyokaa nao kisima kimoja, hawakuwahi kujishughulisha kujua. Seni alikuwa anaomba msaada. Wenyeji walichoona ni wanaume wanatokea mabomani mbio, fimbo na pinde mkononi, wanalipokea yowe mmoja baada ya mwingine mpaka kijiji kizima kikavuma.

"Wametuvamia!" mtu akapiga kelele, na kweli ilionekana hivyo.

Bodaboda zikaanza kuleta mapanga. Walikutana katikati ya uwanja wa mpira, palepale penye kamba za foleni. Nilimwona Innocent, dereva wa bodaboda anayenibebea unga, akipigwa mshale wa paja. Alishuka, akautazama, akapanda tena pikipiki akaondoka nao umesimama. Nilimwona mzee wa kifugaji ameanguka juu ya kamba, vijana wanamkanyaga wakipita, si kwa makusudi, ni kwa sababu alikuwa chini. Fimbo ilipompata mtu kichwani ilitoa mlio wa kibuyu kinachopasuka. Mwanamke mmoja alikuwa anazunguka akimwita mwanawe huku mkono wake mwenyewe umechanwa mpaka kiwiko, wala hajui. Vidole vyao wote, wa panga na wa fimbo, vilikuwa na wino uleule wa kupigia kura.

Polisi walikuwa wachache. Walifyatua mabomu ya machozi, moshi ukatawanya watu kila upande. Wafugaji wakarudi nyuma ng'ambo ya lami, wenyeji wakabaki upande huu, wanapekua nyumba hadi nyumba. Seni alikuwa amekwama upande wetu.

Alitokea uani kwangu kwa nyuma, kupitia mgombani. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake. Aliponiona akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shikamoo gani saa hii! Ingia ndani!"

Akaingia. Nilijua hapo kwamba anaogopa kweli, kwa sababu alivuka kizingiti cha nyumba yangu bila kubishana. Lakini nyumba yenyewe ni ya Kigunga: mlango wa mbele ni mbao nyembamba, wa jikoni wa kutokea uani unafungwa kwa waya tu. Mlango mmoja tu ndani ya nyumba ile ulikuwa mlango, nao ni wa chumba changu. Ni wa mninga, una komeo la chuma, na dirisha lake lina nondo. Marehemu mume wangu aliuweka baada ya kuibiwa, akasema sasa hata simba hatuingilii. Mtu akijifungia humo, vijana wenye mapanga wangehangaika mpaka polisi wafike.

Nikauvuta ule mlango, nikasogeza pazia. "Ingia. Funga komeo. Usifungue mpaka usikie sauti yangu."

Seni alisimama hatua mbili kutoka mlangoni na uso ameugeuzia ukutani.

"Mama, humo siwezi."

"Seni, wanakuja kukuua."

"Najua mama. Humo hapana."

"Chumba ni changu! Mimi mwenyewe nimekuruhusu!"

"Ruhusa hiyo si yako kuitoa, mama. Nikiingia humo nitamtazamaje Yusrah?"

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mama mkwe hatakiwi kuyajua, nikamwita mpumbavu, nikamwita ng'ombe, nikamwambia adabu zake azipeleke kaburini. Nilinyoosha mikono nimsukume, akarudi nyuma upesi mpaka akagonga ukuta kwa mkono wake uliovunjika, akaguna. Nikimfuata, anarudi nyuma. Tulizunguka kwenye korido ile nyembamba kama kuku na mfukuzaji, mimi nalia kwa hasira, yeye anatoa jasho, na chumba kiko wazi, giza lake zuri linatungoja. Nje nikasikia sauti zinapiga hodi kwa jirani kwa mateke.

"Basi kajifiche jikoni," nikasema. Nilikuwa nimeshindwa.

Hakuwahi kufika jikoni. Mlango wa mbele ulianguka mzima mzima, akaingia Casmir na wengine nyuma yake. Panga alikuwa amelishika chini, sambamba na mguu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," nikaitika. Mdomo uliitika wenyewe. Nimejiuliza mara nyingi ni mdomo wa namna gani huo.

"Tunamtaka mkwe wako."

"Hayupo."

Casmir akatazama sakafu. Matone ya damu yalitoka mlango wa uani yakaja moja kwa moja mpaka miguuni pangu, na nyuma yangu Seni alikuwa anapumua.

Nilikuwa nimeegemea kinu. Nikauchukua mchi nikampiga wa kwanza aliyesogea, nikausikia mfupa wa bega ukiitika, akaanguka chini analia mama. Nikauinua tena. Casmir akanishika gauni shingoni akanivuta, nami nikavuta kwangu, gauni likachanika kutoka bega mpaka kiunoni. Nikabaki nimesimama kifua wazi mbele ya vijana niliowalisha.

Wakati huo Seni alikuwa amekwisha okota ukuni kwa mkono wa kushoto na anakuja. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa anakuja kweli, ukuni umeinuliwa, na Casmir alikuwa ameshika gauni langu, hana habari. Kati yao hapakuwa na mtu. Pigo moja lilikuwa linamtosha Casmir.

Kisha Seni akaniona nilivyo. Akageuka. Aligeuka upesi, kwa aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani, akaukabili ukuta na kufunga macho. Casmir akaachia gauni, akainua panga, akamkata shingoni kwa nyuma.

Wengine walimalizia. Nilikuwepo, niliyaona yote, lakini hayo sitayasema, mama yake bado yuko hai kule Zombo. Walipochoka, Casmir alitazama huku na huku, akachukua kanga yangu kwenye kamba, akanirushia.

"Jifunike, mama mdogo," akasema, wakatoka.

Sasa Casmir yuko rumande Kilosa. Ndugu wananiambia niende nikamwone, eti damu nzito kuliko maji. Nawaambia damu ninayoijua mimi niliisugua kwenye sakafu kwa brashi, na ilikuwa nzito kweli.

Majirani hawakuja. Wengine walikuwa wanaogopa, na wengine najua walipokuwa. Nikakaa pale na Seni mpaka nikasikia nzi, na wale nzi ndio walioniinua. Nikasema huyu hatalala koridoni kama gunia. Nikamshika kwapani. Alikuwa mzito, nikamvuta kidogo kidogo, nikapumzika, nikamvuta, nikampitisha chini ya pazia, nikampandisha kitandani kwangu, juu ya shuka nililolitandika asubuhi. Nikaleta maji, nikamnawisha.

Ndipo nilipomtazama. Miaka yote ya ukwe wetu nilikuwa naijua sauti yake na mgongo wake. Alikuwa na mwanya. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na ndevu chache za kidevuni ambazo hazikuwa zimeamua kama zinaota au hapana. Mwanangu alikuwa ameolewa na kijana mzuri, na mimi ndiyo kwanza najua leo. Nikamfumba macho, nikakaa kitini pembeni, nikamwomba radhi kwa kumwingiza humo kwa nguvu.

Usiku ulikuwa umeingia gari la matangazo lilipopita barabarani linaimba. Ditram ameshinda, jimbo jipya limepata mbunge wake wa kwanza, wananchi wote mnaombwa mdumishe amani. Watu fulani walishangilia. Karai langu lilikuwa bado barazani limepinduka, mafuta yamenywewa na vumbi.

Yusrah alifika kwa miguu. Barabara ilikuwa imefungwa, akazungukia mashambani na tenga lake kichwani. Aliona mlango umelala chini. Akanikuta nimesimama koridoni na kanga iliyofungwa vibaya, sakafu imelowa maji niliyoanza kuosha.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia."

"Wamesema Seni alikimbilia huku. Yuko wapi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jioni. Nilikuwa nitaanza na Mungu, halafu subira, halafu nimshike mikono. Yote yakanitoka.

"Yuko chumbani kwangu," nikasema.

Tenga likamwanguka. Hakuniuliza kama ni mzima.